Simu ya Zuwena Niliyoikataa

Ipo siku moja naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Nilikuwa kijana kule Usoke, shangazi yangu anakausha tumbaku banini, kile kibanda cha kukaushia majani kwa moto. Alipokwenda kuteka maji, mimi mwenye ndevu mbili tatu nikajaza kuni, eti mwanamume ndiye ajuaye moto. Majani yakaungua. Shangazi akanitazama: "Ndevu hazikaushi tumbaku, baba." Nilichekwa msimu mzima. Hata ngomani nilichekwa, ila hilo liache.

Ungedhani nilijifunza. Thubutu! Binti yangu Zuwena ameolewa Tabora mjini, kwa Waarabu wa zamani, nyumba ambayo mke hasimami sokoni. Asali wanayomletea kaka zake kutoka porini aliiuza nyuma ya pazia, kwa dalali mmoja aliyejipangia bei. Akaomba simu ya tachi, atafute wanunuzi mwenyewe. Mumewe akatuita wazee. Wa kwanza kukataa ni mimi.

"Namba ya mke wa mtu izagae kwa wanaume? Aibu!"

Zuwena akauliza kwa adabu, "Baba, kwani dalali ni mwanamke?"

Mwanangu, nikavua kofia, nikaanza kuikung'uta vumbi. Mama mkwe wake akacheka, akakata shauri: "Mpeni. Sura haitapigwa picha, itapigwa chupa."

Ikapigwa chupa. Mwanza wakaagiza, Dodoma wakaagiza. Rafiki yake wa Nzega yeye sokoni hushinda kutwa na wauza ng'ombe, hakuna amkatazaye. Kwake yeye simu ndiyo ililala mfukoni mwa mumewe. Kila nyumba na kufuli lake. Mume huyo alipoziona chupa za Zuwena zinaondoka, akaitoa mwenyewe. Leo karanga za mkewe zinapanda basi.

Kwa hiyo usiulize kama mwanamke ataiweza simu. Uliza ni nani ameikalia ruhusa, na kama ni wewe, inuka. Mila usiichane, itobolee dirisha. Mola akupe mikono yenye kazi na nyumba yenye masikio.

Ehe, dalali! Alikuja na ndoo zake, akabisha hodi, nami nimeketi hapo barazani kwa Zuwena.

"Mama, bei yetu ileile?"

"Bei iko kwenye simu, kaka," Zuwena akajibu nyuma ya pazia. "Bonyeza uone."

"Mimi nibonyeze?"

"Wenzako wa Mwanza wanabonyeza."

Akanigeukia. "Mzee, sema na binti yako."

"Asali si yangu," nikamwambia.

Akaokota ndoo zake tupu, akashika njia ya stesheni. Hajarudi mpaka leo.