Vyombo vya Bi Mahfoudha

Mara ya kwanza kumwona Bi Mahfoudha ilikuwa Jumatatu ya mvua, mwezi wa nne, kwenye lango la kiwanda chetu pale Magongo. Alivaa buibui lililofifia mabegani, na mkononi alishika kikombe chake mwenyewe cha bati, kimefunikwa kwa kisahani. Askari wa lango alimuuliza kama amekuja kuuza uji.

"Nimekuja kuosha vyombo vyenu," akamjibu. "Hiki nimekuja nacho kwa sababu vyenu sijaviosha bado."

Askari akacheka, na mimi nikacheka. Baada ya siku hiyo sikuweza tena kumcheka bila kinyongo.

Kiwanda chetu hutengeneza matangi ya plastiki. Mwaka uliotangulia wenye kiwanda walikuwa wametiliana saini na chuo kikuu: chuo kilete ujuzi, sisi tutoe mashine na mikono, tuunde chujio la maji ambalo watu waliohamishwa na mafuriko, au walio kwenye kambi za wakimbizi, wataweza kulitumia bila umeme. Shirika moja la misaada lilikuwa likilisubiri. Chuo kilimleta Daktari Josephine, ambaye si daktari wa sindano, ni msomi wa maji. Alikuwa mtu wa bara, mpole, na hakunywa maji yoyote ya majaribio mpaka majibu ya maabara yarudi.

Kazi yangu mimi ilikuwa kujaza machujio. Chini kokoto, juu yake mchanga, kisha mkaa wa vifuu vya nazi ambao niliuchoma, nikautwanga na kuuosha mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja kiwandani. Shule niliishia darasa la saba, na wenzangu waliniita Bubu kwa sababu siongei mbele ya wakubwa. Nikiulizwa jambo, jibu hunijia nikishafika nyumbani Chaani.

Siku yake ya tatu kazini, Bi Mahfoudha alikinga maji ya chujio la majaribio kwa kile kikombe chake. Akayazungusha mdomoni, akayatema.

"Maji haya yamelala na mpira," akasema.

"Mama, wewe ni wa vyombo," Tinga, msimamizi wetu, akamwambia. "Vyombo viko kule."

Lakini Daktari Josephine alishainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Mpira gani, mama?"

"Mie sijui mpira gani. Lakini umo."

Wakafungua, wakatafuta. Ulikuwa ule mpira mweusi wa kuzuia kuvuja, ndani ya koki. Wakaubadilisha, na Daktari akampa mkono Bi Mahfoudha mbele ya karakana nzima.

Mimi mpira ule nilikuwa nimeuonja tangu mwezi wa pili. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamweleza Daktari, na kila jioni nilirudi nalo neno lile nyumbani, zima kama lilivyoondoka. Mwanamke wa siku tatu akalisema kwa pumzi moja. Usiku ule sikula. Mke wangu alidhani naumwa.

Kutoka hapo kila jambo likawa mwiteni Bi Mahfoudha. Koki ikae juu au chini? Mwiteni. Kifuniko kina uzito kwa mama aliyebeba mtoto? Mwiteni. Alikuwa akija anajifuta mikono kwenye leso, anasema lake, anarudi kwenye beseni. Hakuwa na makuu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mchana alikuja kukaa karibu yangu, kwenye magunia ya vifuu. "Wewe humkati mtu maneno," alisema. Basi akanisimulia maisha yake, siku baada ya siku. Alizaliwa Jomvu Kuu. Mama yake alikuwa mwanamke wa maji wa harusi: wageni hawajafika, yeye ameshaosha mitungi, ameifukiza kwa ubani mpaka moshi umeingia kwenye udongo, ndipo akaijaza. Upande wa bwana harusi wakifika, funda la kwanza la maji liliwaambia wameingia nyumba ya namna gani. Mahfoudha aliirithi kazi hiyo akiwa na miaka kumi na minne. Madrasa alisoma, shule aliiacha darasa la nne. Aliolewa na mchukuzi wa bandarini, akamzalia mabinti watatu, akafiwa, akawalea kwa kukaanga kaimati.

"Na maji ya harusi?" nikamuuliza. Kwake yeye maneno yalinitoka.

"Sasa harusi zote ni chupa, mwanangu. Mtu yuwafungua, yuwanywa nusu, yuwatupa. Maji hayana mwenyewe."

Nilimpenda. Ningemchukia ningepata nafuu.

Mwezi wa saba Tinga alitutangazia mambo. Machujio ishirini yangejaribiwa kwa maji ya visima vya Jomvu na Chaani, wageni wa shirika wangekuja kuyaona na kuyanywa, na maji ya kila chujio yangepelekwa maabara ya chuo. Majibu yakiwa mazuri, kiwanda kinaanza kuyaunda kwa mamia, na mfanyakazi mmoja atakwenda nayo kambini kwa miaka miwili, awafundishe watu kuyajaza na kuyasafisha. Daktari ndiye atakayemchagua.

Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Hakuna chujio hata moja ambamo mkono wangu haukuingia. Mkaa ni wangu. Hata mtu asiyesema anaweza kuonyesha kwa mikono, na huko nani angejua kwamba naitwa Bubu?

"Atakwenda mama wa vyombo," Tinga akaniambia tukifunga karakana. "Kambini wanaoteka maji ni kina mama. Watamsikia yeye. Wewe utawafanyia nini, utawakodolea macho?"

Asubuhi ya wageni nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nilipokwenda stoo ya nyuma kuchukua gunia, nikamkuta Bi Mahfoudha amechuchumaa. Mbele yake palikuwa na chetezo, makaa yanawaka, ubani unatoa moshi. Vyombo vyeupe ishirini vya kupokelea maji, kimoja kwa kila chujio, vilikuwa vimepangwa kwenye mkeka, na yeye alikuwa akikifunika kimoja juu ya moshi, anahesabu kimoyomoyo, anakitoa, anashika kingine.

Daktari alikuwa ametuambia, mimi nikiwepo na Bi Mahfoudha akiwepo, kwamba vyombo vile vioshwe kwa maji moto peke yake, kisiingie kitu. Na Bi Mahfoudha aliviosha kwa maji moto peke yake. Kwake kuosha ni kuosha na kufukiza ni kufukiza, na wageni hawapewi maji ya chombo kisichofukizwa.

Aliniona. Akatabasamu. "Wageni wa mbali hao," akasema. "Tusiaibike."

Sentensi moja tu ilihitajika. Bi Mahfoudha, Daktari amekataza. Ungekuwako muda wa kuviosha tena vyote. Nimezoea kusema kwamba kimya changu ni haya. Asubuhi ile haikuwa haya. Nilikuwa na maneno, yalikuwa mdomoni, na nilimtazama mwanamke yule nikaona kiti changu cha kwenda kambini amekikalia. Nikachukua gunia, nikapita.

Wageni walikunywa, wakasifu. Harufu ilikuwa ndogo, ya kuhisiwa ulimini kuliko puani. Tinga alikunywa vikombe viwili. Daktari alijaza chupa zake, akazipanga kwenye sanduku la barafu, yeye hakuonja.

Baada ya siku tisa alirudi na uso uliokauka. Wadudu wote waliokuwa kwenye maji ya visima hawakuwapo tena, alisema, lakini maji yote ishirini yana kitu kama masizi ya moshi, na shirika limesimamisha shughuli. Alituita sote karakana. Kisha akanigeukia mimi.

"Kombe, mkaa uliuchoma ukaiva kweli?"

Sikutegemea hilo. Nilidhani mzigo utamwangukia Bi Mahfoudha, kumbe umeniangukia mimi.

"Mkaa ukiwa haujaiva hutoa moshi ndani ya maji," Daktari akaendelea. "Sikulaumu. Nataka kujua tu."

"Mjibu Daktari," Tinga akasema. "Au utamjibu kesho?"

Mtu mmoja akacheka. Mkaa wangu ulikuwa umeiva, unalia kama kioo ukiupiga. Lakini ili nijitetee ilinibidi niseme nilichokiona, na nikikisema wangeniuliza kwa nini sikukisema siku ile. Nikatazama viatu vyangu.

"Moshi wa namna gani, mwanangu?" Bi Mahfoudha akamuuliza Daktari kutoka kwenye beseni.

"Kama wa kitu kilichochomwa, mama. Utomvu hivi."

Akajifuta mikono kwenye leso taratibu, kidole kimoja kimoja. Akaja katikati.

"Basi huyu muacheni. Ni mie. Nilivifukiza vyombo kwa ubani. Mkaa wake hauna kosa, wallahi."

Hata pale niliona wivu. Alilisema kosa lake kama mtu anayejibu ni kaimati ngapi zimebaki. Angeweza kuongeza kwamba Kombe aliniona, akapita. Alinitupia jicho mara moja, nikajua kwamba anakumbuka. Hakuongeza.

Daktari hakumfukuza, lakini wenye kiwanda walimfukuza. Siku zile zilizopotea zilikuwa zimewaudhi, na ilibidi atolewe mtu. Vyombo vikaoshwa, maji yakakingwa upya, majibu yakarudi safi. Wiki iliyofuata Daktari aliniita, akaniambia nitakwenda mimi kambini. Nilijibu palepale, neno moja, ndiyo.

Nilimkuta Bi Mahfoudha langoni Ijumaa mchana, amekuja kuchukua karatasi zake za kuachishwa kazi. Nilitaka kupita upande wa pili, lakini askari alikuwa ameshaniita.

"Shikamoo, Bi Mahfoudha."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia safari imekuwa yako."

"Ndiyo."

"Alhamdulillahi. Mikono yako ni mizuri, huo ni ukweli."

Nilianza kuomba radhi, ulimi ukakwama palepale unapokwama siku zote. Alinisubiri. Alisubiri muda mrefu, ameziweka karatasi kifuani, mpaka akaona kwamba neno halitatoka. Ndipo akalirekebisha buibui lake.

"Huko kambini, Kombe, ukimwona mtu yuwakosea, mwambie," akasema.