Ushuru wa Mahali Patupu

Mabibi na mabwana mliokusanyika kuizunguka safu hii, nawaomba masikio yenu.

Sokoni Kagongwa imetangazwa amri mpya: kila mahali pa kuuzia patatozwa ushuru, pawe na mtu au pawe patupu. Mama mmoja muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, huketi kando ya mahali pa mumewe, mtia mipini ya majembe, aliyekwenda Geita kuchimba dhahabu na hajarudi. Kila siku ya gulio hupafagia.

“Shikamoo, Mama Shija,” alisema karani wa soko. “Mwachie muuza tumbaku mahali hapa, ulipie pako tu.”

“Marahaba, mwanangu. Baba Shija akirudi akamkuta mwanamume mwingine hapo, atadhani nami nimechukuliwa.”

“Dada, huyo keshaoa huko!” alidakia muuza tumbaku, na watu wakacheka.

Mama alifungua pindo la kaniki, akalipia mahali pote pawili, kisha akashika ufagio.

Tulizoea ushuru wa chumvi na wa ngozi. Kumbe hata kungoja kuna ushuru wake.

Aliyenisimulia kwanza ni karani mwenyewe, Bwana Masanja; naye aliposimulia, macho yake yalikuwa kwenye njia itokayo Geita.