Mama na Mimi Katika Darasa Moja la Kiingereza

Mama aliniambia anarudi shule nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye sinki ya saluni yake kule Uthiru, povu la shampuu limenijaa masikioni. Nadhani alichagua wakati huo makusudi, maana sikuweza kugeuka nimtazame. Alisema amejiandikisha kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, mwaka uleule niliokuwa nafanya mimi. Aliacha masomo akiwa Kidato cha Pili, nilipokuwa tumboni, na sasa alitaka cheti ili asomee ualimu wa chekechea.

"Nikikwama utanisaidia," alisema, akaendelea kunisuuza.

Kilichomtia hofu zaidi ni Kiingereza. Alikizungumza na wateja bila shida, lakini maswali ya mashairi yalimfanya ajione mgeni. Kwa hivyo likizo ya Aprili tulijiunga na darasa la marudio la Jumamosi, katikati ya jiji, ghorofani juu ya duka la vifaa vya umeme la familia moja ya Kalasinga, wale Wahindi wa vilemba. Tulikubaliana tusijulikane kuwa mtu na mamake. Yeye hakutaka wanafunzi wenzake wamwite mathe, nami nilitaka kunong'ona na marafiki zangu bila kukaziwa macho. Yeye alikaa nyuma, mimi mbele, na mlangoni tulisalimiana kama watu waliojuana juzi.

Saluni ilikuwa hadithi nyingine. Misamiati aliibandika kando ya kioo, neno moja kwa kila karatasi, na maana yake chini kwa Kiswahili. Wateja nao wakaanza kujifunza huku wakisukwa. Mmoja, muuza mitumba mwenye utani mwingi, alimwambia Mama kwamba siku hiyo alikuwa "reluctant" kabisa, hataki kuvutwa nywele za mbele. Mama alimsahihisha matamshi kwanza, ndipo akalegeza mkono.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mstaafu kutoka mkoa wa Magharibi, mwembamba, koti lake limechakaa viwikoni. Alisoma mashairi polepole, kama mtu anayeonja mchuzi kujua kama chumvi imekolea. Kila shairi lilipata maswali yaleyale: nani anasema, anamwambia nani, na moyoni mwake kuna nini.

Jumamosi moja aliandika ubaoni shairi fupi alilolitunga mwenyewe. Mama anamsindikiza bintiye anayekwenda kufanya kazi mbali. Hamwambii kwamba anampenda, wala kwamba atamkosa. Anauliza tu kama amebeba sweta, anafungua mkoba, anaufunga tena, anauliza kama maji yatatosha. Kisha basi linaondoka.

Mwalimu akauliza shairi lile lina toni gani. Niliinua mkono nikasema ni toni ya ubaridi, kwamba mama huyo hajali, anangoja tu basi liondoke arudi zake nyumbani. Nilijiona nimejibu vizuri. Ndipo sauti niliyoijua ikatoka nyuma, kwa Kiingereza cha uangalifu, ikasema haikubaliani nami. Mama alisema mtu asiyejali hafungui mkoba uliokwisha kufungwa. Nikamjibu bila kugeuka kwamba tunahitaji ushahidi, na shairi halina neno hata moja la mapenzi. Akasema sweta ndilo neno lenyewe. Nikasema sweta ni nguo.

Hapo akaachana na Kiingereza.

"Wewe, nikikuuliza asubuhi kama umebeba sweta, huwa nakuchukia?"

Mwalimu akavua miwani, akamtazama Mama, kisha akanitazama mimi.

"Huyu ni nani wako?"

"Ni mama yangu, Mwalimu."

Watu wakacheka, kicheko kisicho na ubaya, na msichana aliyekaa karibu na Mama akamshika bega. Mwalimu alingoja watulie. Alisema sote wawili tumesema kweli: maneno ya shairi ni makavu, kama nilivyoona mimi, na chini yake kuna mapenzi, kama alivyoona Mama. Alama za mtihani, alisema, ziko katika kueleza jinsi hayo mawili yanavyokaa pamoja. Kisha akaniamuru nihamie kwenye benchi la Mama. Tangu siku hiyo, akitaka maana alimuuliza yeye, na akitaka mstari wa kuithibitisha aliniuliza mimi.

Tuliposhuka, Mama alikuwa ameona haya. Alisema hakukusudia kunikaripia mbele za watu. Nikamwambia sikuumia, na ilikuwa kweli. Tulinunua mahindi ya kuchoma, tukala tumesimama nje ya duka.

"Kweli ulidhani yule mama hajali?" aliniuliza akitafuna.

"Nilidhani ni maswali ya shairi tu. Sikumfikiria kama mtu."

Akanivunjia kipande cha hindi lake, ingawa langu lilikuwa halijaisha.

Matokeo yalipotoka, Kiingereza alikipita vizuri kuliko alivyotarajia, lakini hesabu ilimwangusha. Alilia, akanawa uso, akafungua saluni. Mwaka uliofuata aliurudia mtihani, nami nikiwa chuoni, na safari hiyo akafaulu. Siku hizi anafundisha chekechea, na wikendi bado anasuka. Nilipomtembelea shuleni muhula uliopita, nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kifuani, anawasomea hadithi ya kuku aliyepotea. Alifika katikati akafunga kitabu, akawauliza wanadhani kuku huyo anajisikiaje. Mikono yote ikainuka, na akawasikiliza mmoja mmoja mpaka kengele ya uji ikalia.