Mlio Chini ya Lori la Baba

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa dereva wa lori la baba yangu, na kwa miezi miwili lori hilo lilinichosha kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Lilikuwa linalia. Likisimama, injini inanguruma vizuri, hakuna neno. Ukiondoka na mzigo na kukanyaga mafuta, linaanza huko chini: kwi, kwi, kwi, polepole, kisha mbiombio kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukiachia mafuta linanyamaza. Tulibeba ndizi kutoka Ogembo na magunia ya pareto kutoka upande wa Gesima. Njia yote ni vilima, kwa hiyo nilikanyaga mafuta kutwa na kuusikia mlio kutwa.

Baba alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza. "Unaliendesha vibaya," alisema. "Halikuwa hivi mikononi mwangu." Alikuwa ameacha kuendesha kwa sababu ya magoti, na nadhani hakunisamehe kwamba yangu yalikuwa mazima. Kila jioni ni hayo hayo. Mwishowe akasema mbele ya mama kwamba mlio ukifika mwisho wa mwezi, ufunguo atampa mdogo wangu. Nilikuwa na mke na watoto watatu, na kazi nyingine sikuwa nayo. Lakini hata bila hilo ningeumia. Hakuna anayependa kuitwa mharibifu na baba yake mzazi.

Yeye mwenyewe alibakiwa na shughuli moja tu ya lori, kuliosha Ijumaa. Sisi ni Wasabato. Ijumaa ni siku ya matayarisho: nguo zinapigwa pasi, chakula kinapikwa mapema, na jua likizama kila kitu kiwe safi. Sabato asubuhi lori letu ndilo lililopeleka kwaya na kina mama kanisani, na baba, mzee wa kanisa, asingekubali waketi kwenye utomvu wa ndizi. Basi kila Ijumaa alasiri niliingiza lori kwenye kivuko cha mto mpaka maji yafike kwenye akseli. Baba alikunja suruali, akaingia na brashi na kipande cha sabuni. Aliosha bodi, kisha akainama akasugua chini kabisa, mahali ambapo hakuna mwanakwaya ambaye angechungulia. Alikuwa akiimba. Sijapata kumwona na furaha kama ile mahali pengine.

Fundi wa kwanza, pale Nyamira, alisema ni fanbelti, akaipaka sabuni. Wa pili akasema springi, akazimwagia oili chafu, na kwa siku mbili tulinuka kama kinu cha posho. Mlio ukabaki palepale. Sabato iliyofuata, tukipanda kilima cha kanisa, kwaya inaimba nyuma na lori linaitikia, waliokuwa wakienda kwa miguu wakacheka. Baba, aliyekaa kando yangu, hakucheka. Alitazama mguu wangu wa kulia mpaka tukafika.

Jumatatu nilikwenda Kisii mjini kwa fundi mmoja Mwislamu, mtu wa maneno machache. Hata boneti hakufungua.

"Likiwa limesimama, ukipiga resi, linalia?"

"Halilii."

"Basi si injini, bwana."

Akapanda, tukaenda mwendo mfupi na mzigo wangu wa ndizi, kichwa chake kikiwa nje ya dirisha. Tuliporudi akalala chini ya lori, akaniita nilale kando yake. Akanionyesha propela, chuma kile kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na kiungo chake wanachokiita krosi. Kuzunguka kiungo kulikuwa na unga mwekundu. Nilikuwa nimeuona mara nyingi nikadhani ni vumbi la barabara, maana kwetu udongo wote ni mwekundu.

Akausugua kwa vidole. "Huu si udongo. Ni kutu. Krosi imekauka. Gari hili linaingia majini?"

Nikamweleza habari ya Ijumaa na baba.

"Maji yanatoa grisi," akasema. "Mwache mzee aoshe, hakuna ubaya. Ila wewe usingoje mwezi uishe ndipo upige grisi. Piga grisi kila Jumapili kabla hujatoka."

Akabadilisha krosi, nikarudi nyumbani bila mlio. Baba alikuwa uani na mama na mke wangu. Alisikia lori likipanda kimya, akasimama.

"Kumbe lilikuwa na nini?"

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira ya miezi miwili. "Ni maji, tata," nikasema. "Fundi anasema ni kule kulisugua chini kila Ijumaa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiliharibu." Nilisema kwa sauti ile ile aliyozoea kunisemea. Habari ya grisi sikuitaja. Nilitaka abaki na lile neno kwa muda, aonje alichonionjesha.

"Mimi?" akauliza.

"Ndiyo."

Akatazama mikono yake, halafu akaingia ndani. Nakiri kwamba nilikula vizuri jioni hiyo.

Ijumaa nilimwita twende mtoni. Alikuwa amekwisha kuvaa shati lake safi, Biblia mapajani. Ndipo nikamweleza yote: grisi, Jumapili, na kwamba fundi mwenyewe amesema aendelee kuosha.

"Nenda tu, mura," akasema kwa upole. "Huna haja ya kunitungia."

Hakuniamini. Nikamwapia, akanikumbusha kwamba sisi hatuapi.

Nililiosha peke yangu siku hiyo na Ijumaa zote zilizofuata. Baba aliishi miaka sita zaidi, na hakuingia tena mtoni. Fundi alinipa maneno mawili ya kumpelekea. Nilimpelekea lile la kumuumiza, na lile lingine lilipofika alikuwa ameacha kuniamini.