Spea Iliyokuwa Kiti cha Mama

Fundi ameishusha spea ya gari langu. "Hii haijatembea, bado mpya," anasema. Lakini miye nimeshaunusa ule mpira mkavu, na tayari ni mtoto tena, niko juu ya lori la baba, tumetoka Majanji na samaki wa moshi, tunakwenda Tororo.

Tairi limepasuka. Baba anafunga spea, ile ambayo kwa miaka ilikuwa kiti cha mama uani, cha kuparia samaki.

"Baba watoto, hiyo ina nyufa kuliko visigino vyangu," mama akasema. "Natembea."

"Haijagusa barabara hata siku moja!"

Mama akateremka. Sisi watoto tukabaki juu, tukishangilia.

Hatukufika mbali. Paa! Spea nayo ikapasuka. Baba akatutuma nyasi, tukazing'oa kwa mikono miwili, tukazishindilia ndani ya tairi badala ya upepo mpaka likashiba. Lori likaanza kutambaa, nyasi zikichomoza, na mbuzi wa watu wakitukimbilia nyuma kuzitafuna. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka!

Ndipo mama akatupita, kwa miguu, kapu kichwani. Baba akampigia honi. Hakugeuka, ila mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.