Nilipigilia kibao cha mradi mlangoni kwa mjane, majirani wakaacha kumlimia

Wakuu, heshima kwenu.

Hili limenikaa kooni misimu miwili sasa. Sina sababu ya kuongeza chumvi, maana aliyekosea ni mimi.

Kwangu ni Ngokolo, Shinyanga. Nilikuwa nimeajiriwa na shirika moja la misaada, jina naliacha, nikapangiwa field kijiji kimoja cha Geita, njia ya kwenda Nkome.

Huko nikamkuta Mama Kulwa. Mumewe alifukiwa kwenye duara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Yeye mwenyewe mguu mbovu, anatembelea fimbo, na watoto bado wadogo.

Nikajaza fomu. Vigezo vyote akapita.

Tukampa mbuzi wa maziwa, na mimi kwa mikono yangu nikapigilia kibao cha mradi mlangoni, jina lake juu. Nikampiga picha. Bosi alifurahi mpaka basi.

Mvua zilipoanza nikarudi kukagua mbuzi.

Aisee! Mashamba ya wenzake yote yamelimwa. La kwake magugu yamefika magotini.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma. Akaitikia kwa shida. Nikamuuliza kulikoni.

"Akina mama wa hapa ndio walikuwa wananilimia, baba. Kila mwaka. Safari hii wamesema nina mfadhili, anilimie yeye."

Akawanyooshea mbuzi fimbo yake.

"Hao mbuzi wachukue. Unirudishie majirani zangu."

Wakuu, fomu yetu iliuliza kila kitu alichokosa: choo, bati, godoro. Haikuuliza ana nani.

Nikaazima nyundo, nikang'oa kibao palepale. Nikaenda kwa Mama Shija, anayewaongoza wale akina mama shambani, nikamwomba radhi. Alinisikiliza huku anapepeta mahindi.

"Tulikuwa tunamlimia na njaa zetu, mwanangu," akasema. "Wewe ukapita milango yetu yote, hata salamu hukutoa. Ungetusalimia tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kweli sikuwasalimia. Nilikuwa nawahi picha kabla jua halijawa kali.

Kesho yake asubuhi wakaja na majembe. Mama Shija akanipa moja. Nililima mpaka viganja vikatoka malengelenge, na hakuna aliyenionea huruma.

Lakini tulikuwa tumechelewa. Mvua zilikatika mapema, mahindi ya Mama Kulwa yakatoka mafupi kuliko ya wote pale, mengine hayakubeba kabisa. Mwaka ule watoto wake walikula kwa majirani, kwa zamu. Majirani walewale.

Ofisini niliulizwa kibao kiko wapi. Mahindi hakuna aliyeuliza.

Niliacha kazi ile. Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kumsaidia mtu, tafuta kwanza nani amekuwa akimshika mkono kabla yako, uanzie kwake kupiga hodi.

Mliowahi kugawa misaada, na hasa ninyi mliowahi kupokea, semeni chochote. Hata kunisema vibaya ruksa, nitasoma yote.