Bibi Mwema Anawashia Bwana Yake

Mimi ni relais, mujumbe wa afya wa kijiji. Kituo cha afya kinanituma nipite mu manyumba ya Mushaki kuangalia wamama wenye mimba. Swali moja siachake: "Mama, unavutaka sigara?" Uwimbabazi, bibi ya Sebarenzi, alinijibu mara tatu: "Hapana, Mama Sidonie." Nikaandika hapana. Nikikumbuka ile hapana, najichukia.

Mutoto wake wa kwanza alizaliwa mudogo sana, akaishi siku tatu. Watu wakasema ni baridi ya huku milimani. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, na tumbo lilikuwa dogo tena.

Siku moja nikamukuta jikoni anachagua maharagi. Sebarenzi akaita kutoka inje: "Bibi, uniwashie." Uwimbabazi akachukua sigara, akainama ku makaa, akavuta, akavuta tena mpaka ikashika moto, akamupelekea. Kisha akawasha ya baba mukwe. Aliporudi nikamuuliza:

"Kumbe unavutaka?"

"Mimi? Mimi nawashaka tu. Bibi mwema anawashia bwana yake."

Kabla ya ndoa alikuwa anawashia baba yake. Tangu utoto, mara ngapi kwa siku, hata yeye hajue. Haki ya Mungu, sijaona heshima ya kijinga sawa ile.

Nikamuambia aache kuwasha. Siku ya pili kichwa kikamupasuka, mikono ikatetemeka, akaokota kipande cha sigara, akakivuta nyuma ya choo. Baba mukwe akamuona. Na Sebarenzi, shemasi muzima, akanitumia neno: anamurudisha kwao, yeye hakuoa muvutaji.

Nikashuka kwake na hasira. Uwimbabazi alikuwa angali pale, ameikala chini pa mulango.

"Papa Sebarenzi, huyu muvutaji nani alimufundisha? Kila siku unamutia moshi mu kinywa, moshi ukimushika unamufukuza? Na mwenye iko mu tumbo, naye unamurudisha kwao? Ule wa kwanza mulisema ni baridi. Baridi gani?"

Mukono wake ukaingia mufukoni, ukatoa sigara, na sizani kama alikuwa anafikiri kitu. Hakuita muntu. Uwimbabazi alikuwa amekwisha kusimama na tumbo lake, mukono ameunyoosha.

Sebarenzi akauangalia ule mukono.

"Ikala, mama," akasema, akaivunja sigara, akaitupa.

Uwimbabazi hakuikala. Akaanza kulia. Hakulilia ndoa. Alililia ile sigara, na bwana yake alikuwa anaona.